Behewa Husomwa Kuanzia Chini

Watengenezaji wengi wa modeli za treni huanza na rangi. Hutafuta picha nzuri, huchanganya bluu au nyekundu inayokaribiana nayo, huandika herufi za shirika ubavuni kwa brashi nyembamba, kisha hushangaa kwa nini kazi iliyofanywa kwa uangalifu wote huo bado inaonekana kama boksi lililowekewa magurudumu. Hoja yangu ni kwamba behewa la mizigo, liwe la chuma relini au la kadibodi mezani, husomwa kuanzia chini kwenda juu. Upana wa reli kwanza, kisha ekseli na springi zake, kisha kimo cha sakafu. Rangi ije mwisho. Nadai pia kwamba kijana wa Sirari, mji wa mpakani usio na reli, anaweza kutengeneza behewa la reli ya kati kwa usahihi wa kumridhisha fundi wa reli, bila kuagiza chochote kutoka ng'ambo.

Tuanze na Waingereza, kwa kuwa wao wameizamia kazi hii kwa miaka mingi na makosa yao yanafundisha. Kipimo kinachotumika zaidi kwao huitwa OO: behewa hupunguzwa mara 76. Reli yao ya kweli ina upana wa milimita 1,435, na ukigawa kwa 76 unapata karibu milimita 19. Lakini reli ya OO ina milimita 16.5. Hilo halikutokana na uzembe. Treni za Uingereza ni nyembamba na za kimo kidogo kuliko za nchi jirani za Ulaya, kwa sababu mahandaki na madaraja yao yalijengwa mapema, na mota za umeme za miaka ya 1920 zilikuwa kubwa mno kuingia ndani ya kichwa cha treni cha Kiingereza kilichopunguzwa mara 87. Wakakuza bodi hadi mota ikaenea, reli wakaiacha ilivyokuwa. Ukiikuza reli hiyo mara 76 unapata milimita 1,257 hivi. Imepungukiwa karibu sentimita 18. Wapo waliokataa mapatano hayo wakajitengenezea reli ya milimita 18.83 pamoja na magurudumu yake. Ni wachache na kazi yao ni ya subira kubwa, lakini weka behewa lao kando ya lile la dukani, uyatazame yote mawili kwa mbele: la kwanza limesimama, la pili limebana miguu.

Kinachoonekana hapo si reli yenyewe. Ni kiasi cha mzigo kinachoning'inia nje ya reli, na kwa hesabu hii kontena ndilo shahidi bora, kwa kuwa upana wake ni uleule dunia nzima: milimita 2,438. Liweke juu ya reli ya milimita 1,435, iwe ya Uingereza au reli mpya ya Tanzania, SGR, nalo litazidi kwa takriban sentimita 50 kila upande. Liweke kwenye reli ya kati, ile ya zamani ya Tanzania, ambayo ina mita moja kamili, nalo litazidi kwa sentimita 72. Tofauti hiyo ya sentimita 22 kila upande ndiyo inayoipa treni ya reli ya kati sura yake, ile ya mzigo mpana juu ya njia nyembamba. Na tazama OO inavyofanya: kwa reli yake iliyopungua, kontena la Kiingereza linazidi kwa sentimita 59 za mzani wake. Yaani wametengeneza treni isiyo ya kwao wala ya kwetu, iliyo njiani kati ya Uingereza na Tabora. Anayenunua reli hiyo ili aweke juu yake behewa la TRC, Shirika la Reli Tanzania, atakosea pia, ila kwa upande wa pili.

Hapa ndipo Sirari inapoingia, na inaingia kwa nguvu. Barabara kuu inayotoka Mwanza kupitia Musoma na Tarime huishia hapo, na ng'ambo ya kituo cha pamoja cha forodha ni Isebania, Kenya. Lori lililobeba kontena likisimama mpakani, lile kontena ni lilelile linalopanda behewa. Mlangoni kumeandikwa herufi nne, ya nne ikiwa U kwa makontena ya kawaida, kisha tarakimu sita na moja ya kuhakiki. Chini yake kuna alama ya aina: 22G1 ni la futi 20, 42G1 ni la futi 40, na 45G1 ni la futi 40 lililoongezwa kimo. Kila alama ina vipimo vyake visivyobadilika. La futi 20 lina urefu wa mita 6.06, la futi 40 mita 12.19, kimo cha kawaida ni mita 2.59, kilichoongezwa ni mita 2.90. Mwenye kuvijua vipimo hivi ana rula ndani ya kila picha ya treni ya makontena. Akipata picha iliyopigwa ubavuni, si kwa mshazari, anapima kontena kwa milimita za karatasi, anatafuta uwiano, halafu kila kitu kingine kinajisalimisha: urefu wa behewa, umbali kati ya bogi na bogi (vigari vya magurudumu vinavyolibeba), kipenyo cha gurudumu, kimo cha sakafu. Hahitaji kukanyaga reli.

Kipimo ninachokipendekeza ni 1 kwa 20, kwa sababu reli ya mita moja inakuwa sentimita 5 kamili na hesabu zote zinafanyika kichwani. Kontena la futi 20 linakuwa na urefu wa sentimita 30.3, upana 12.2, kimo 13. Linazidi reli kwa sentimita 3.6 kila upande. Kadibodi ngumu inatosha kwa bodi, bati la kopo kwa mbavu, waya mnene kwa ekseli. Magurudumu ya ndala yanayofaa lori la waya hayafai hapa, kwa kuwa gurudumu la reli lina ukingo wa ndani unaolizuia lisitoke njiani; bora diski mbili za mbao zilizogundishwa, moja kubwa kidogo kuliko nyingine.

Kuhusu ekseli, mtazamaji wa malori tayari ana shule yake. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, 18 kwa jozi ya ekseli, 24 kwa ekseli tatu za pamoja. Kwa hiyo semi ya kawaida yenye ekseli sita haizidi tani 50. Sehemu za reli ya kati zilizokarabatiwa hadi Isaka zimeandaliwa kwa tani 18.5 kwa ekseli, kwa hiyo behewa lenye ekseli nne tu linaweza kufika tani 74 pamoja na mzigo. Ndiyo maana bogi ya behewa ni nene, fupi, na springi zake zimesongamana. Springi hizo ndizo za kutazamwa treni ikipita. Kwenye behewa tupu pindo zimeachana na mwanga unapita katikati. Kwenye lililojaa zimekaribia kugusana. Anayetengeneza modeli ya behewa lililojaa shehena ya saruji na kuliwekea springi zilizolegea amesema uongo, hata kama rangi yake haina kasoro.

Ushahidi mzito kuliko wote uko Ziwa Victoria, na mkoa wa Mara, wenye Sirari na Musoma, una sehemu yake. Katikati ya miaka ya 1960 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipata meli mbili za kubeba mabehewa, Umoja na Uhuru, zilizotengenezwa vipande vipande na Yarrow ya Glasgow na kuunganishwa Kisumu. Umoja hubeba mabehewa 19, Uhuru 22. Zilihudumia Kisumu, Mwanza, Port Bell na Jinja, na Musoma nayo ikawekewa gati la mabehewa ingawa hakuna njia ya reli inayofika mjini humo kutoka bara. Behewa moja kuzunguka bandari hizo zote kuliwezekana kwa sababu moja: reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilijengwa kwa mita moja, na Wajerumani walioanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hadi wakafika Kigoma mwaka 1914 walichagua mita ileile. Tawi la Mwanza likafuata mwaka 1928. Dola mbili zilizopigana vita zilikuwa zimekubaliana upana wa reli bila kuketi meza moja.

Kulipandisha behewa melini ni kazi ya chini ya sakafu tangu mwanzo hadi mwisho. Gatini kuna daraja lililofungwa bawaba upande wa nchi kavu, na upande wa pili hulala juu ya meli, kwa kuwa ziwa halitulii kwenye kimo kimoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 Victoria ilipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 ilipanda tena hadi ikafunika magati mengi. Daraja likiinama, behewa linapovuka bawaba huwa limefanya pembe na jirani yake, na viunganishi vinapandana. Pembe ikizidi, kimoja kinachomoka. Meli nayo huzama kidogo upande unaopokea uzito, kwa hiyo mabehewa hupangwa kwa zamu ili isilale. Kwenye meli za namna hii duniani, kichwa cha treni kwa kawaida hubaki nyuma ya daraja kikisukuma kupitia mabehewa matupu yaliyowekwa katikati, ili uzito wake usikanyage daraja. Melini kila behewa hukazwa breki ya mkono na kufungwa minyororo. Katika yote hayo, hakuna hatua moja ambapo rangi ya behewa ina neno.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Umoja ikabaki Tanzania na Uhuru ikaenda Kenya. Uganda ikaagiza zake tatu kutoka Ubelgiji miaka ya 1980, Kabalega, Pamba na Kaawa. Kabalega ilizama mwaka 2005 baada ya kugongana na Kaawa. Mabehewa ya Tanzania yalipita mikono ya TRC, kisha TRL, kisha TRC tena, na kila mkono ulikuja na herufi zake. Lakini mwaka 2018, Umoja ilipoanza tena kupeleka mabehewa kutoka Mwanza Kusini hadi Port Bell, magurudumu yaliingia kwenye reli ya Uganda kama yalivyoingia miaka 50 kabla yake.

Kuna watakaosema jicho halioni milimita mbili tatu, na kwamba mamilioni wamefurahia OO kwa karibu karne nzima. Ni kweli wamefurahia. Lakini fikiria Kidatu, ambako reli ya kati hukutana na TAZARA. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067. Inaizidi ya reli ya kati kwa milimita 67, upana wa vidole vinne, na kwa ajili ya vidole hivyo mzigo unaotoka mfumo mmoja kwenda mwingine huinuliwa na kuhamishwa pale. Kwa kipimo cha 1 kwa 20 hiyo ni milimita 3.35. Anayezipuuza mezani amepuuza sababu ya kituo kizima kuwepo.

Pingamizi zito zaidi ni la rangi yenyewe: kwamba ndiyo kumbukumbu, na mtu huikumbuka treni ya ujana wake kwa rangi kabla ya kitu kingine. Nalikubali kwa nusu. Rangi hubeba mapenzi, ila ni shahidi dhaifu wa wakati. Uingereza kuna mabehewa yanayofanya kazi leo yakiwa na nyekundu na dhahabu ya EWS, kampuni ambayo jina lake lilishabadilishwa mara mbili. Ukitaka tarehe, tazama chuma. Kituo cha mwisho cha umeme wa makaa nchini humo, Ratcliffe-on-Soar, kilifungwa tarehe 30 Septemba 2024, na hata kabla ya hapo mabehewa ya makaa yaliyokosa kazi yalikuwa yameanza kukatwa katikati na kufupishwa ili yabebe kokoto. Kokoto ni nzito kuliko makaa. Behewa refu lingefikia kikomo cha uzito likiwa nusu tupu. Mstari wa kulehemu pale lilipounganishwa upya unaeleza historia hiyo, na modeli isiyo na mstari huo ni ya behewa jingine.

Kuhusu wanaoonya kwamba kupiga picha reli, stesheni na mpakani kunaweza kumletea mtu matatizo, wana haki. Aombe ruhusa, na akinyimwa aondoke. Njia ya kontena haihitaji picha ya kituo cha forodha. Inahitaji jedwali la vipimo na picha moja ya treni ambayo tayari imechapishwa.

Kazi ya kwanza ninayoiona inafaa kwa mtu wa Mara ni gati la Musoma. Meli nzima, yenye takriban mita 90, ingehitaji meza ya mita 4.5 kwa kipimo chetu, kwa hiyo atengeneze sehemu ya meli inayopokea reli, daraja, na mabehewa matatu. Mita 2 za ziwa ni sentimita 10 mezani. Bawaba iruhusu daraja kupanda na kushuka kiasi hicho, na behewa lake refu kuliko yote lisukumwe juu yake kwa kimo cha juu kabisa, kisha kwa cha chini kabisa. Viunganishi vikishika kote kuwili, ndipo afungue kopo la rangi.