UHAKIKI: Wasifu wa Siti Binti Saad na Mtafiti wa Nasaba za Wasanii

Mwanafunzi wetu mmoja alitaka kuandika tasnifu kuhusu nyanya yake aliyekuwa akiimba arusini. Jibu alilopewa nyumbani lilikuwa fupi: katika ukoo wao hapakuwa na "mtu wa ngoma". Wajomba hawakuwa wamemsahau mama yao. Walikuwa wakiona haya. Kisa hicho kimenirudisha kwenye kitabu ambacho wengi wetu tunakifundisha kama kielelezo cha lugha fasaha tu: Wasifu wa Siti Binti Saad, kilichoandikwa na Shaaban Robert.

Wasifu huu ulichapishwa mwaka 1958, ukiwa nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mwandishi alikutana na Siti miezi michache kabla ya mwimbaji huyo kufariki mwaka 1950. Hii ndiyo sifa ya kwanza ya kitabu. Shaaban Robert hakungoja matanga. Alikwenda kumuuliza mhusika mwenyewe angali hai. Watafiti wengi wa mababu wasanii huanza kuuliza baada ya wenye majibu kuzikwa.

Sifa ya pili ni kwamba mwandishi hakuficha asili ya mhusika wake. Tunaelezwa kuwa Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia maskini. Baba Mnyamwezi, mama Mzigua mfinyanzi, nao wote wawili walizaliwa Unguja. Kwa msomaji makini, maelezo hayo machache ni ufunguo. Kuzaliwa Unguja kwa wazazi wenye makabila ya bara, katika karne ya 19, kunaashiria historia ya utumwa, ambao ulikomeshwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Jina la utotoni la Siti, yaani Mtumwa, linatilia nguvu dokezo hilo. "Siti" ni jina la heshima lililokuja na umaarufu. Basi anayetafuta babu au nyanya msanii ajue kwamba jina la jukwaani na jina la nyumbani huenda ni mawili, na kwamba akitafuta moja tu hatampata mtu wake.

Hata hivyo, kitabu kina upungufu ambao hatuna budi kuutaja. Shaaban Robert alikuwa mwalimu wa maadili kabla ya kuwa mwandishi wa historia. Anakaza macho kwenye subira, bidii na utu wa Siti, ili msomaji aige. Msomaji anayetaka kuiona kazi yenyewe hatosheki: nani alilipa, kiasi gani, mazoezi yalifanyika vipi, nyimbo zilitungwa na nani. Siti anabaki mtu mwema aliyeimba. Tunamwona kidogo mno kama mfanyakazi wa sanaa.

Pengo hilo linazibika kwa vyanzo vingine. Cha kwanza ni santuri. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi. Karatasi iliyobandikwa katikati ya santuri huwa na jina la mwimbaji, jina la wimbo na namba ya toleo, na namba hiyo inaweza kumfikisha mtafiti kwenye orodha za kampuni. Cha pili ni nyimbo zenyewe. Ule uitwao Kijiti unahusu mauaji ya mwanamke mgeni Unguja, na jinsi wanawake waliokuwa naye walivyoadhibiwa ilhali mtuhumiwa alitorokea bara. Cha tatu ni kumbukumbu za wasikilizaji. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, aliwahoji wazee wa Unguja na kulinganisha maneno yao na nyimbo na nyaraka za serikali. Hapo Siti anaonekana akisema mambo ambayo watu wa tabaka lake hawakuweza kuyasema mahakamani.

Je, Wasifu umepitwa na wakati? La hasha. Bila kitabu hicho, watafiti waliofuata wangekosa pa kuanzia. Lakini usomwe kama ushuhuda wa rafiki anayempenda mhusika wake, wala usichukuliwe kuwa jalada kamili la maisha yake. Ningependekeza tuufundishe pia katika somo la mbinu za utafiti, sambamba na santuri, ili wanafunzi wajifunze kuuliza maswali ambayo mwandishi hakuyauliza.

Tukumbuke pia kwamba Fumba ingeweza kujibu kama walivyojibu wale wajomba. Mtoto wa mfinyanzi, mke aliyeachika, mwimbaji: kwa macho ya wengi wa wakati ule, hayo yote yalikuwa ya kufichwa. Mtu mmoja alikwenda na kalamu akayaandika, na leo jina lake linatajwa kwa fahari. Mwanafunzi wetu naye hakuacha. Alirudi nyumbani, safari hii akiwauliza majirani waliowahi kucheza katika arusi hizo.