Cavacha: dramu zilivyochukua kazi ya tarumbeta

Anayeisikiliza "Shauri Yako" ya Super Mazembe, awe Sandoa au Kolwezi, huvutwa kwanza na magita. Haki yake. Lakini ufundi ulioubeba wimbo huo uko kwenye dramu, na ulianzia Kinshasa.

Huko, bendi ya Zaiko Langa Langa ilianzishwa Desemba 1969 na vijana waliokulia kwenye rumba ya Franco na Rochereau, rumba ya saksafoni na tarumbeta. Wao vyombo vya kupuliza wakaviacha. Kufanya hivyo si jambo dogo. Mpulizo ndio uliojaza mwanya baina ya ubeti na ubeti, ndio uliopandisha moto sebene, ile sehemu ya magita ya kuchezea, inapokaribia. Ukiuondoa, muziki unabaki na mashimo.

Aliyeyaziba ni Meridjo Belobi, mpiga dramu wa Zaiko, kwa mdundo unaoitwa cavacha. Katika cavacha ngoma ya mguu hupiga sawasawa, na juu yake snea huenda bila kupumzika: mapigo matatu yaliyoachana, kisha mawili yaliyokaribiana, ndugu wa karibu wa klave ya Kuba iliyoingia Kongo kwa santuri tangu miaka ya 1930. Gita la solo nalo likapata uwanja mpana. Msikilizaji anahisi muziki unakimbia. Kinachomkimbiza hasa ni ile snea isiyonyamaza.

Wakatanga waliubeba ufundi huo hadi mbali. Super Vox ya Mutonkole Longwa Didos, iliyoundwa 1967, ilipitia Zambia, ikafika Nairobi mwaka 1974 na kujiita Super Mazembe. "Shauri Yako", ambao Nguashi N'Timbo aliuimba kabla yao, waliufanya wao kabisa. Hawakungoja sebene ndipo wachangamke: cavacha inatambaa mapema, chini ya sauti za waimbaji. Gita la ridhimu linashika kodi, gita la mi-solo linarudia kifungu kifupi katikati, la solo linapita juu, na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Wepesi huo unatokana na nidhamu kali, na kwa maoni ya safu hii hapo ndipo Mazembe walipowazidi wengi wa Nairobi.

Anayewafundisha vijana wa Lualaba muziki wa bendi aanze na snea hiyo, polepole, kabla hajamkabidhi mtu gita la solo.