Bilioni kwa gramu: tunahakiki lebo za bakteria wa maji taka

Wahakiki wengi wanashughulika na riwaya na filamu. Sisi leo tumechukua maandishi mafupi zaidi, ya aya mbili tatu hivi, yanayobandikwa kwenye pakiti na madumu ya "bakteria wa kuanzishia mtambo". Ukizisoma lebo tano utaona zinafanana kama pacha: picha ya maji yanayometameta, namba kubwa ya mabilioni kwa gramu, majina mawili matatu ya Kilatini, na ahadi kwamba mtambo utakuwa umeshika kasi ndani ya siku chache.

Mbona tuhangaike nazo? Kwa sababu anayezisoma ni meneja wa hoteli, fundi wa hospitali au mwenye machinjio, na anazisoma siku ambazo mtambo wake ni mpya na ndani hamna kitu. Akidanganyika, hela inakwenda, na maji yenye amonia yanakwenda mtoni wakati huo huo. Basi tuisome lebo sentensi kwa sentensi.

Tuanze na namba. Bilioni 5 kwa gramu inatisha, lakini hebu tupige hesabu. Kilo moja ya unga huo ina seli trilioni 5. Sasa nenda kwenye mtambo wa hewa unaofanya kazi vizuri, chota lita moja ya lile tope la kahawia linalozunguka tangini: humo kuna seli trilioni 1, mara nyingi zaidi. Yaani kilo nzima uliyonunua ni sawa na lita 5 za tope, kidumu cha mafuta ya kula! Kama tangi lako ni la mita za ujazo 500, umetia sehemu 1 kwa kila 100,000. Na maji taka yenyewe hayaji mikono mitupu, kila mililita inaingia na mamilioni ya bakteria wake. Kwa hiyo namba ya kwenye lebo si lazima iwe ya uongo. Imekosa tu kitu cha kulinganishwa nacho, na msomaji akiachwa peke yake na mabilioni lazima avutike.

Twende kwenye majina. Jina linalojirudia sana ni Bacillus. Huyu ni fundi halali, anavunja wanga, protini na mafuta. Ila sababu kubwa ya kuwa kwenye pakiti ni kwamba anatengeneza spora, hivyo anavumilia kukaushwa na kukaa dukani miezi mingi. Tuseme ukweli, huyu amechaguliwa na rafu ya duka, hakuchaguliwa na tangi. Kuvunja wanga si kazi inayokwamisha mtambo mpya, wa kuifanya wapo tele. Kinachochelewa ni kuondoa amonia, na kwenye mitambo isiyo na hewa ni kutengeneza methani. Wanaofanya kazi hizo hawatengenezi spora. Ukiona unga mkavu unaodai kuwa na bakteria hai wa amonia, uliza wamesalimikaje.

Jina lingine ni Nitrobacter. Tangu enzi za Winogradsky, miaka ya 1890, vitabu vilifundisha kwamba Nitrosomonas hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha Nitrobacter humalizia kuwa nitrati. Walikuwa wanaoteshwa maabara, wakaonekana ndio wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walipoanza kusoma jeni moja kwa moja kutoka kwenye tope bila kuotesha kitu, kumbe hatua ya pili mara nyingi inashikwa na Nitrospira, kiumbe mgumu sana kuoteshwa. Mwaka 2015 ikaja kubwa zaidi: wapo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Lebo inayotaja Nitrobacter pekee inatuambia nani anakubali kuishi kwenye chupa. Nani atafanya kazi tangini, hilo ni swali lingine.

Ubishi huu si wa leo. Mwaka 1913 huko Manchester, Gilbert Fowler na Mumford walieleza njia ya kusafisha maji taka kwa hewa, chumvi za chuma na bakteria mmoja maalumu waliyempa jina M7. Mwaka uliofuata, katika jiji hilo hilo, Ardern na Lockett wakafanya jambo ambalo bibi yeyote anayepika togwa angelielewa. Walipuliza hewa kwenye chupa ya maji taka mpaka amonia yote ikabadilika, kazi iliyochukua kama wiki 5. Kisha wakamwaga maji ya juu, wakabakiza mashapo, wakajaza maji taka mapya. Wakarudia, wakarudia tena. Muda ukapungua hadi kufikia ndani ya saa 24. Hawakumchagua bakteria hata mmoja. Walilibakiza tope, nalo likajichagulia. Mitambo ya tope hai duniani leo ni wajukuu wa chupa zile, na M7 amebaki kwenye historia.

Hapo ndipo udhaifu mkubwa wa lebo unapoonekana, kwenye ile ahadi ya siku chache. Mbegu haikai tangini kwa sababu umeimwaga. Inakaa kama inazaliana haraka kuliko inavyotolewa na tope linaloondoka. Bakteria wa amonia tangini mara nyingi huhitaji siku moja hivi au zaidi kujigawa mara moja, wakati E. coli akishiba hutumia dakika 20. Ukiwa na tangi linalopoteza tope lake ndani ya siku mbili, mwaga pakiti kila Jumatatu, utakuwa unalisha mto tu. Lebo haisemi neno juu ya umri wa tope, na hilo ndilo swali la kwanza kwa mtu wa fani.

Tusiwe wachoyo lakini. Lebo ina hoja moja ya kweli: mbegu nzuri inaokoa muda, na pengine bila mbegu hutoboi. Ushahidi upo Rotterdam. Mtambo wa kwanza mkubwa wa anamoksi, wenye mita za ujazo 70, ulianza kuwashwa mwaka 2002 na ulichukua miaka 3 na nusu kufikia uwezo wake. Bakteria wa anamoksi hujigawa mara moja kwa wiki moja hadi mbili, na duniani hapakuwa na mtambo mwingine wa kuazima tope. Iliyofuata ilipewa mbegu kutoka kwa waliotangulia, ikaanza haraka zaidi. Hiyo ndiyo mbegu inayostahili kulipiwa.

Na sisi wa vyuoni tusijifiche nyuma ya wafanyabiashara. Tasnifu ngapi zina ile sentensi: "Kinyesi cha ng'ombe kilichaguliwa kwa sababu kinapatikana kwa urahisi"? Hiyo nayo ni lebo. Tumboni mwa ng'ombe asidi ya siki hunyonywa na ng'ombe mwenyewe, ndiyo nguvu yake, kwa hiyo methani ya humo hutokana zaidi na haidrojeni na kaboni dioksaidi. Kwenye mtambo wa maji taka, takriban theluthi mbili ya methani hupitia asidi ya siki. Ukianza na kinyesi, walaji wa asidi hiyo ni wachache na wanazaliana kwa siku kadhaa. Ukiongeza chakula haraka, asidi inajaa, pH inashuka, mtambo unagoma. Kinyesi kinafaa, ndiyo, ila kwa subira na kwa kulisha kidogo kidogo. Tope kutoka mtambo usio na hewa unaofanya kazi huanza mbele zaidi. Tasnifu isiyolinganisha hivyo viwili haijachagua kitu, imeokota.

Sasa lebo nzuri ingeandikwaje? Ingesema mbegu imetoka kwenye maji taka ya aina gani, yenye joto na chumvi kiasi gani. Badala ya kuhesabu vichwa ingetaja kazi: miligramu ngapi za amonia kwa gramu ya tope kwa saa, au mililita ngapi za methani kwa siku. Ingetaja tarehe ya kuvunwa. Ingeonyesha pia tangi la pili lililoanzishwa bila bidhaa hiyo, tuone tofauti.

Mpaka lebo hiyo ipatikane, ushauri wetu kwa meneja ni huu. Tafuta mtambo wa jirani unaosafisha maji yanayofanana na yako, omba gari la kunyonya lilete tope bichi siku hiyo hiyo, na anza na mzigo mdogo. Kabla ya kulimwaga, pima amonia inayoingia na inayotoka, kisha endelea kupima kila wiki. Muuzaji wa pakiti akija, mwonyeshe daftari hilo, umwombe na yeye afungue la kwake.