Leseni, Ruhusa na Kibali: Uhakiki wa Istilahi za Mhandisi Aendaye Ugenini

Ni rahisi kusema kwamba Kiswahili kinatosheleza mahitaji yote ya taifa. Ni vigumu zaidi kumpa mtu mmoja, mwenye haja moja mahususi, maneno yatakayomfikisha mwisho wa haja yake bila ya kumpoteza njiani. Katika makala haya tumekusudia kukipima Kiswahili kwa haja ya namna hiyo. Tunamchukua mhandisi wa mitambo ya migodi, raia wa Tanzania, ambaye anataka kufungua ofisi ya ushauri wa kihandisi mjini Dubai, katika Falme za Kiarabu, na kupata leseni ya kuiendesha. Swali letu ni hili: je, istilahi tulizo nazo zinaweza kumweleza jambo hilo hatua kwa hatua, bila ya kuchanganya hatua moja na nyingine?

Mfano huu tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, Dubai ni soko kubwa la dhahabu, na dhahabu nyingi ya Afrika hupelekwa huko. Si ajabu basi kwamba mtaalamu wa mitambo inayochoronga miamba na kusaga mawe ya dhahabu atamani kuwa na ofisi mahali hapo. Pili, lugha rasmi ya nchi hiyo ni Kiarabu, ambacho kimekikopesha Kiswahili sehemu kubwa ya msamiati wake wa biashara na sheria. Msomaji angeweza kudhani kwamba udugu huo hurahisisha kazi ya mfasiri. Sisi tunaona kwamba mara nyingi huiharibu, na kwamba uharibifu huo unazidishwa na uzembe wetu wenyewe katika kulitumia neno leseni.

Kwanza tueleze utaratibu wenyewe kwa ufupi. Nje ya maeneo huru ya biashara, ambayo yana mamlaka zake, leseni za biashara Dubai hutolewa na Idara ya Uchumi na Utalii, iliyoundwa mwaka 2021 kwa kuunganisha idara mbili zilizotangulia. Mwombaji huchagua shughuli yake katika orodha iliyowekwa na mamlaka. Husajili jina la biashara. Hukubaliwa kwa hatua ya awali. Huonyesha mkataba wa kupanga ofisi. Kwa kuwa kazi yake ni ya kihandisi, hutakiwa pia kuthibitisha elimu na uzoefu wake mbele ya Manispaa, ambayo ndiyo inayosimamia ofisi za ushauri wa kihandisi. Baada ya hayo ndipo hupewa leseni. Kwa hiyo kuna matendo matano au sita ya kiofisi, na kila tendo linahitaji jina lake.

Sasa tuyatazame maneno. Hati ya mwisho huitwa kwa Kiarabu rukhsa. Neno hilo ndilo lililozaa ruhusa na ruksa katika Kiswahili, na mfasiri anayeongozwa na sauti atashawishika kuandika kwamba mhandisi amepata "ruhusa ya biashara". Lakini ruhusa yetu ni kitu chepesi. Mwanafunzi huomba ruhusa ya kutoka darasani, na mfanyakazi huomba ruhusa ya kwenda kuzika. Inaweza kutolewa kwa mdomo, wala haina namba. Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeliongoza taifa kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa kwa sababu alilegeza masharti ya biashara. Kwa hiyo katika sikio la Mswahili, ruksa ni kufunguliwa mlango. Rukhsa ya Dubai ni hati yenye namba, ada, shughuli iliyotajwa na tarehe ya kumalizika, na mwenye nayo haruhusiwi kufanya shughuli isiyoandikwa humo. Mhandisi aliyeambiwa kwamba amepata "ruksa" anaweza kuamini kuwa amefunguliwa mambo yote, kumbe amefungwa katika moja.

Mfano wa pili ni kukubaliwa kwa awali, ambako Kiarabu hukuita muwafaqa mabda'iyya. Ndugu yake kwa Kiswahili ni muafaka, na tunajua uzito wa neno hilo. Miafaka ya mwaka 1999 na 2001 kati ya CCM na CUF ilikuwa mapatano ya pande mbili zilizokuwa katika mgogoro. Mwombaji wa leseni hana mgogoro wala mapatano na idara. Ameambiwa tu kwamba serikali haina pingamizi asonge mbele na hatua zinazofuata. Akiandikiwa "muafaka wa awali", anaweza kudhani kwamba ana mkataba unaoifunga idara, akaanza kazi na kupokea malipo kabla ya leseni kutoka. Hilo ni kosa la kisheria ambalo chanzo chake ni neno moja.

Neno wakil nalo lina mtego wake. Kwa miaka mingi, mgeni aliyetaka leseni ya kitaaluma Dubai alitakiwa kuwa na raia wa nchi hiyo aliyeitwa wakil khadamat, yaani mtu wa kumhudumia katika shughuli za ofisi za serikali, asiyekuwa na hisa katika kazi yenyewe. Mtu huyo ni tofauti na mbia mwenyeji, ambaye katika kampuni za kawaida za bara sheria ilimtaka amiliki angalau asilimia 51 ya hisa, mpaka marekebisho ya mwaka 2020 yalipowafungulia wageni njia ya kumiliki kampuni zima katika shughuli nyingi. Ukimwita wakil khadamat "wakili", Mtanzania ataelewa mwanasheria wa kumtetea mahakamani. Ukimwita "mbia", utakuwa umempa nusu ya mali isiyo yake. Anayefaa kuitwa hapa ni wakala wa huduma.

Mifano mingine tuipitie kwa haraka. Ghurfa ya biashara huko ni chama cha wafanyabiashara, ambacho sisi tumezoea kukiita chemba. Ghorofa yetu ni sehemu ya jengo. Shahada ya uzoefu kwa Kiarabu ni barua ya mwajiri inayothibitisha kazi uliyofanya, ilhali shahada yetu hutolewa na chuo kikuu. Ijar ni malipo ya kupanga nyumba, na ijara yetu ni ujira wa kazi. Sina'a ni kazi za viwanda, lakini sanaa yetu imekwenda kwa wachoraji na waimbaji, na "leseni ya sanaa" ingempeleka mhandisi wetu jukwaani.

Hata hivyo, haifai kuwatupa ndugu wote kwa sababu ya makosa ya wachache. Kiarabu humwita mhandisi mshauri muhandis istishari. Maneno yote mawili yamo katika Kiswahili, na yameitunza maana yake. Madini nayo yamebaki kuwa madini. Katika Tanzania, Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 inampa mhandisi mshauri daraja lake katika daftari la Bodi. Kwa hiyo jina mhandisi mshauri lina nguvu ya sheria nyumbani, na linafahamika ugenini. Tunashangaa kuona kwamba baadhi ya waandishi huliacha na kupendelea "mshauri elekezi". Mshauri hutoa rai yake ya kitaalamu na kuwajibika kwa michoro anayoitia sahihi, na mwenye kuelekeza kazi ni mwenye mgodi. Kuongeza elekezi ni kumpa mshauri madaraka ambayo mkataba wake haumpi.

Tukirudi nyumbani, tunakuta kwamba neno leseni lenyewe limebebeshwa mizigo mingi. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972 inahusu haki ya kufanya biashara. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inatoa leseni za namna nyingine kabisa: leseni ya utafutaji, leseni ya uchimbaji, leseni ya uchimbaji mdogo, leseni ya uchenjuaji na leseni ya biashara ya madini. Za utafutaji na uchimbaji zinampa mtu haki juu ya kipande cha ardhi na vilivyomo chini yake. Mhandisi anayesema kwa mkato kwamba ana "leseni ya madini" anaweza kueleweka na Mtanzania kuwa ana kitalu cha kuchimba, na hali anachotaka ni kuuza elimu yake juu ya mashine. Tena kusajiliwa na Bodi ya wahandisi watu huita leseni, ilhali sheria yenyewe inasema usajili. Mgeni ajaye kufanya kazi kwetu huhitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na hivyo navyo wengine huviita leseni. Neno linalotumika kwa kila kitu haliwezi kumwongoza mtu aliyesimama mbele ya madirisha matano akitafuta dirisha lake.

Sehemu yenye hatari zaidi, kwa maoni yetu, ni jina la shughuli. Tumesema kwamba leseni ya Dubai hufunga mtu katika shughuli iliyotajwa. Kutoa ushauri wa kihandisi ni shughuli ya kitaaluma, na kuuza mitambo ni shughuli ya kibiashara. Kuikodisha ni jambo jingine, na kuitengeneza ni jingine tena. Kwa Kiswahili cha kawaida yote manne hujificha ndani ya maneno "huduma za vifaa vya madini". Mteja husema hivyo, mhandisi hukubali, na mfasiri huandika hivyo hivyo. Matokeo yake, mtu anaweza kulipa ada ya mwaka mzima kwa leseni isiyomruhusu kufanya kazi aliyoiendea.

Na vifaa ni vipi? Wachimbaji wadogo wa Geita wanajua kutofautisha. Wana duara lao, wana karasha la kusagia mawe, wana mwalo wa kuoshea. Dereva wa barabarani naye huita kila mashine ya kusukuma udongo katapila, ambalo kwa asili ni jina la kampuni na halifai kuandikwa katika maombi ya mtu anayehudumia mashine za kampuni zote. Tunaona kwamba mtaalamu anapaswa kuanza na utofautishaji huo wa wachimbaji. Mitambo iwe mashine kubwa ziendeshwazo kwa nguvu ya injini au umeme, kama vile za kuchoronga, kuvuta maji na kusaga mawe. Zana ziwe zile za mkononi. Vifaa libaki jina la jumla, litumike pale tu ambapo ujumla unatakiwa.

Kuna neno moja zaidi linalowahusu watu wa madini peke yao. Ra's al-mal kwa Kiarabu ni fedha za kuanzia biashara, na Kiswahili kwa muda mrefu kimesema rasilimali kwa maana hiyo hiyo. Lakini siku hizi wataalamu wa jiolojia hutumia rasilimali kwa madini yaliyomo ardhini. Hati inayosema kwamba "rasilimali ya kampuni" ni kiasi fulani inaweza kusomwa kuwa ni fedha zilizowekwa benki, au dhahabu ambayo bado haijachimbwa. Katika kazi ambayo wawekezaji wamewahi kulaghaiwa kwa dhahabu isiyokuwapo, utata huu hauvumiliki.

Wapo watakaosema kwamba tunajisumbua, kwa kuwa maombi ya Dubai hujazwa kwa Kiarabu au Kiingereza, na Kiswahili hakimo. Jibu letu ni kwamba anayetia sahihi ni mtu, na mtu hulielewa jambo katika lugha anayofikiria nayo. Kabla ya kutia sahihi atamwuliza ndugu, rafiki au karani, na watazungumza Kiswahili. Zaidi ya hayo, tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria za Tanzania. Tukiziacha leseni, usajili, idhini na kibali kuvurugana katika mazungumzo, mvurugano huo utaingia katika sheria, na hapo kuuondoa kutagharimu kesi na fedha.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

1. Leseni itumike kwa hati ya mamlaka ya kufanya shughuli iliyotajwa kwa muda uliotajwa, na kila mara ifuatwe na jina la shughuli hiyo. Ruhusa isitumike kwa maana hii.

2. Usajili uwe ni kuingizwa katika daftari, liwe la majina ya biashara, la makampuni au la wahandisi.

3. Idhini ya awali ichukue nafasi ya kukubaliwa kwa hatua ya kwanza. Kibali kihifadhiwe kwa mtu binafsi, kama vile kibali cha kazi na cha ukaazi.

4. Shughuli ya mhandisi wetu iitwe ushauri wa kihandisi kuhusu mitambo ya migodi, naye aitwe mhandisi mshauri.

5. Mtaji uwe fedha za kampuni, na rasilimali iachiwe kilichomo ardhini.

6. Wakala wa huduma, chemba ya biashara na hati ya uzoefu yatumike mahali pa ndugu zao wa Kiarabu wanaopotosha.

Hatudai kwamba maneno haya ni ya mwisho. Mapendekezo ya tatu na ya tano, hasa, yanagusa mazoea ya muda mrefu, na wanasheria na wanajiolojia wana haki ya kuyapinga kwa hoja. Tunawaomba wasomaji wetu, na kwa namna ya pekee wale wanaoishi katika nchi za Ghuba na kuyatumia maneno haya kila siku, watuandikie wanavyosema wao wanapoingia katika ofisi hizo, ili kamati zinazosanifu istilahi zipate ushahidi wa matumizi.