Sanaa ya Kuhesabu Shomoro

Ukitaka kumjua mtazamaji ndege hodari, mwangalie dakika zake za mwanzo. Asiyezoea huinua darubini mara afikapo na kuanza kusaka matawini. Hodari husimama kwanza, darubini ikining'inia kifuani, akasikiliza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mjini Mbinga, mkoani Ruvuma, kabla bodaboda hazijachangamka stendi, masikio tu yanaweza kumpa ndege saba au wanane: shore kwenye ua wa michongoma, hua asiyechoka kurudia ubeti wake, kwarara wanaopita juu wakipiga kelele, dudumizi bondeni ambaye wazee humsikiliza wakisubiri mvua. Wote anawaandika, na bado hajamwona hata mmoja.

Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, lakini macho mengi yameelekea kaskazini, kwenye njia za watalii. Kusini kumetazamwa kidogo, na ndani ya kusini huko, miji imetazamwa kidogo zaidi. Anayepanda basi hadi Ruvuma kutafuta ndege huelekea msituni au ziwani. Nani apoteze asubuhi yake akihesabu shomoro wa sokoni? Nawastahi wale wachache wanaoipoteza. Kazi yao haina fahari, na ndiyo mwanzo wa uhifadhi wowote wa maana mjini, kwa sababu hakuna awezaye kutetea kitu ambacho hakuna aliyewahi kukihesabu.

Kuhesabu kwenyewe kuna ufundi. Mbayuwayu mia kadhaa wakipanga foleni kwenye nyaya za umeme mwezi Machi, kabla ya safari ya kurudi Ulaya, huwezi kuwanyooshea kidole mmoja mmoja. Mtazamaji huhesabu kumi wa kwanza, akashika machoni urefu wa waya waliouchukua, kisha akauhamisha urefu huo kutoka nguzo hadi nguzo: kumi, ishirini, thelathini. Wakiruka katikati ya hesabu, anaanza upya. Kwa ndege wanaozunguka mahali pamoja, kama shomoro wa stendi, hutumia kanuni nyingine. Haandiki jumla ya waliopita mbele ya macho yake kwa saa nzima, maana shomoro mmoja anaweza kupita mara ishirini. Huandika idadi ya juu kabisa aliyoiona kwa mara moja. Kanuni hiyo ndiyo inayotumiwa Uingereza katika hesabu ya ndege wa bustanini iliyoanzishwa mwaka 1979 na shirika la RSPB: saa moja, sehemu moja, idadi kubwa ya mara moja. Hesabu hiyo, inayofanywa na watu wa kawaida majumbani mwao, ni miongoni mwa zilizoonyesha kwamba shomoro wa Uingereza, ndege ambaye hakuna aliyedhani angeweza kupungua, alikuwa anatoweka.

Halafu kuna suala la nani ni nani. Wakati wa mvua mnana dume huwa wa manjano na kweche dume huwa mwekundu, na mtoto yeyote wa Mbinga anaweza kuwaonyesha. Kiangazi kikifika, madume hao huvua fahari yao na kufanana na majike na makinda: kahawia, michirizi, mdomo mnene. Hapo mtazamaji mkweli huonekana. Badala ya kubahatisha, huandika tu kwamba aliona ndege kumi na wawili wa jamii ya mnana, hawakutambulika. Sijui fundi mwingine anayejivunia kuandika kwamba kitu kimemshinda. Daftari lisilo na mstari kama huo hunitia shaka.

Kunguru ni mtihani mzuri zaidi, na ni mtihani wenye manufaa kwa mji. Aliye mweusi mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe ni kunguru wa kwetu anayejulikana kila mahali. Mkubwa mwenye mdomo mnene ulioinama, mwenye weupe nyuma ya shingo tu, ni kunguru wa milimani. Wa tatu ni mwembamba, hana weupe hata kidogo, na shingo yake ni ya kijivu: huyo ni kunguru wa India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, kisha akavuka hadi bara, akazagaa Dar es Salaam na miji mingine, akila mayai na makinda ya ndege wengine na kunyakua vifaranga uani. Zanzibar iliendesha kampeni ya kumpunguza mwanzoni mwa miaka ya 1990; ikafaulu kwa muda, kisha akaongezeka tena. Kunguru wawili wa kwanza katika mji wanaweza kuondolewa kwa siku chache. Elfu kumi hawaondoki. Mtu wa Mbinga, au wa Mbamba Bay ziwani, anayejua kutofautisha shingo ya kijivu na ukosi mweupe, na ana tabia ya kupita stendi na dampo kila wiki, ni mlinzi ambaye halmashauri isingeweza kumwajiri.

Kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni jinsi watazamaji ndege wanavyouheshimu utupu. Orodha kamili ni ile inayotaja kila ndege uliyemtambua kwa macho au masikio, bila kuwaruka wale wa kawaida, pamoja na saa uliyoanza, muda uliotumia na umbali uliotembea. Ukiandika hivyo, ndege asiyekuwemo naye anasema kitu. Programu ya eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, humuuliza kila mtumiaji kama orodha yake ni kamili, kwa sababu hiyo hiyo. Atakayeandika tu kwamba leo ameona kulukulu ametupa habari moja. Aliyetembea saa mbili kando ya kijito kilekile mara ishirini kila mwaka, akawaandika wote, na kulukulu akaonekana mara kumi na nane mwaka wa kwanza na mara tano mwaka wa nne, ametupa ushahidi.

Hivyo ndivyo atlasi za ndege zinavyofanya kazi. Hapa nchini, Neil na Liz Baker walianzisha Atlasi ya Ndege wa Tanzania miaka ya 1980, wakaigawa nchi katika miraba na kukusanya taarifa za mwezi kwa mwezi kutoka kwa yeyote aliyekuwa tayari kuandika. Kenya ilianza ramani yake mpya mwaka 2013 kwa kufuata utaratibu wa Afrika Kusini: mraba mmoja una upande wa kilometa tisa hivi, mtazamaji anatumia saa mbili au zaidi ndani yake, na anawaandika ndege kwa mpangilio aliokutana nao. Saa mbili si nyingi. Mwalimu, muuguzi wa zamu ya usiku au mwendesha bodaboda anaweza kuzipata Jumamosi asubuhi.

Mazoea haya yana mizizi Nairobi. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi, yanayokutania Makumbusho ya Taifa, chini ya jumuiya iliyoasisiwa mwaka 1909 na ambayo leo inajulikana kwa jina la Nature Kenya. Hayana masharti ya elimu: mwenye darubini humwazima asiye nayo, anayejua sauti humfundisha asiyejua. Kutokana na matembezi kama hayo wametoka waongoza watalii, watafiti na wapiganaji wa misitu ya jiji. Mbinga haihitaji makumbusho ili kuiga jambo hilo. Inahitaji siku moja isiyobadilika, mahali pasipobadilika, na mtu mmoja ambaye lazima atakuwepo hata mvua ikinyesha.

Na inahitaji vijana wenye manati. Nasema hivi kwa dhati. Kijana aliyelelewa akitega ulimbo na kubeba manati anajua mengi ambayo msomi hayajui: tawi ambalo ndege hurudia, saa ambayo tetere hushuka kunywa maji, tofauti ya mlio wa hofu na mlio wa chakula. Mwaka 1900 huko Marekani, Frank Chapman aliwaona wawindaji wakishindana siku ya Krismasi nani ataua ndege wengi, akapendekeza washindane kuwahesabu. Siku hiyo ya kwanza walijitokeza watu 27. Hesabu hiyo inaendelea hadi leo na kuwashirikisha maelfu. Hapakuwa na haja ya kuwafundisha upya namna ya kutazama. Macho walikuwa nayo tayari, kilichobadilika ni walichobeba mkononi. Klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980, na Roots & Shoots, iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1991, zimewazoesha wanafunzi wengi kupenda wanyamapori; kuongeza daftari la ndege wa uwanja wa shule ni hatua fupi.

Kutoka Mbinga, barabara ya kilometa 66 inateremka kutoka milima ya Umatengo, yenye mashamba ya mashimo yaitwayo ngoro na mibuni, hadi Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa. Joto linapanda, miembe na mibuyu inachukua nafasi ya mikaratusi, na ufundi nao unabadilika. Milimani ndege husikika. Ziwani huonekana, tena kwa mbali. Upepo wa mwera ukivuma, darubini hutikisika mkononi, basi mtazamaji huketi mchangani, akaegemeza viwiko magotini. Kazi yake huimaliza kabla ya saa nne, maana baadaye mvuke wa joto juu ya maji huchezesha kila kitu. Mbele yake kuna mnandi wakianika mabawa mwambani, mdiria wa rangi mbili akisimama hewani kabla ya kupiga mbizi, furukombe kwenye mti mkavu. Wadudu wa ziwani wanapopanda kwa mawingu kama moshi, mbayuwayu huwajia kwa mamia. Na penye vichanja vya kuanikia samaki wa usipa, yangeyange, mwewe na kunguru wote hujikusanya, hivyo kichanja kimoja huweza kumpa orodha ndefu kuliko kilometa nzima ya ufuo.

Kule milimani, Wamatengo wanajua mchumaji mzuri wa kahawa ni yupi: hakamui tawi kwa mkupuo, bali huchuma punje nyekundu tu, akaurudia mbuni uleule wiki ijayo na inayofuata. Mtazamaji ndege wa mji hana siri nyingine. Thamani iko katika kurudi.

Swali la haki ni hili: daftari la mtazamaji linamsaidiaje ndege? Tuchukue mambo manne ambayo mji kama Mbinga au Mbamba Bay hukutana nayo. La kwanza ni ukingo wa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inalinda mita 60 kutoka kingo za mito na mwambao wa maziwa, lakini sheria haioni inapovunjwa. Mtu anayepita hapo kila wiki na daftari huona. La pili ni mti mkubwa wa mkuyu au mti wenye koloni la yangeyange, ambao majirani hutaka ukatwe kwa sababu ya kinyesi. Anayejua miezi ya viota anaweza kuomba usubiriwe hadi makinda yaruke, na upunguzwe matawi yaliyo juu ya bati badala ya kung'olewa. La tatu ni bundi. Anauawa kwa kudhaniwa mchawi, ilhali ni mwindaji mkubwa wa panya wanaokula mahindi ghalani. Mtazamaji anayemwonyesha jirani tonge alilotema bundi, likiwa limejaa mifupa ya panya, anafanya kazi ambayo bango haliwezi. La nne ni viuatilifu vya mashambani. Ndege wakifa wengi kwa pamoja, tarehe, mahali na idadi ndivyo vitu ambavyo ofisa kilimo ataviuliza kwanza.

Kwa anayetaka kuanza, vifaa ni vichache. Daftari na kalamu. Darubini ya watu watatu kwa zamu, yenye namba 8x42 au inayokaribiana nayo. Kitabu cha Stevenson na Fanshawe kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, cha mwaka 2002, ambacho kinaweza kukaa maktaba ya shule. Mzee mmoja anayejua majina ya ndege kwa Kimatengo au Kinyasa, maana wanakijiji watatoa taarifa kwa majina hayo. Chagua sehemu tatu: soko au stendi, kijito au ufuo, na mahali penye miti mikubwa kama uwanja wa kanisa. Zitembelee angalau mara moja kwa mwezi, saa ileile, muda uleule. Tuma orodha zako kwenye eBird au Atlasi ya Ndege wa Tanzania, na nakala moja ibaki ofisi ya mtaa. Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, ambayo ni Siku ya Ndege Wahamao Duniani, waalike wengine.

Mwaka wa kwanza daftari litaonekana kama orodha ya shomoro. Mwaka wa pili litaanza kuonyesha nani huja na mvua na nani huondoka nayo. Mwaka wa tatu ukiisha, mwenyekiti wa mtaa akiuliza kama ule mkuyu una umuhimu wowote, kutakuwa na mtu wa kusimama na kusoma: ndege aina kadhaa, viota kadhaa, miezi fulani, mara kadhaa kati ya ziara thelathini na sita. Hatalazimika kupaza sauti.