Hatua Moja kutoka Ringini

Mpe kijana mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza, kisha mwache uwanjani peke yake. Atakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa pointi tatu, mita 6.75 kutoka ringini, na kutoka hapo ataurusha mpira kwa mikono yote miwili, akiuanzia kiunoni. Ukiingia kwa bahati, uwanja mzima utapiga kelele. Usipoingia, atajaribu tena palepale, na tena, mpaka giza liingie. Kazi ya kocha inaanzia hapo. Kocha ndiye anayepaswa kumshawishi kijana huyo asogee mbele, asogee tena, mpaka asimame hatua moja kutoka ringini, mahali ambapo kufunga hakumpi mtu sifa yoyote, na akubali kubaki hapo kwa majuma.

Nimeitazama kazi hii kwenye uwanja wa saruji wa shule moja ya sekondari hapa Songea, jioni baada ya masomo, jua likielekea kuzama na milima ya Matogoro ikianza kupoteza rangi. Kocha mwenyewe ni mwalimu wa darasani ambaye saa za jioni anazitoa bure. Ringi ziko mbili, moja haina nyavu. Mipira ni michache, vijana ni wengi. Kwa mazingira hayo ungetegemea vurugu, lakini ukikaa kando ya uwanja unaona utaratibu uliofikiriwa vizuri. Wenye mipira wanarusha. Wenzao wanaokota na kurudisha. Waliobaki wamelala chali kwenye majani, kila mmoja akinyoosha mkono kuelekea angani na kukunja kifundo mwishoni, bila mpira wowote. Mpira ukiwafikia, mkono unakuwa umeshaijua njia.

Somo la kwanza ni vidole. Kocha anamsimamisha kijana wa kidato cha pili, anamwekea mpira mkononi, kisha anajaribu kupitisha kidole chake kati ya mpira na kiganja. Kisipopita, anautoa mpira na kuuweka upya. Mpira unaokaa kiganjani unasukumwa, na ule unaokaa kwenye ncha za vidole unaweza kuongozwa. Halafu anashuka kwenye kiwiko: kiwe chini ya mpira, kisitoke nje kama cha mtu anayepita kwenye msongamano. Kisha mkono wa kushoto. Huo hukaa ubavuni mwa mpira, kazi yake ni kushikilia tu, na hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu, kwa sababu dakika ya mwisho kidole gumba cha kushoto kinasukuma bila mwenyewe kujua, na mpira unakwenda upande. Dawa ya kocha ni kumwambia kijana auweke mkono wa kushoto nyuma ya mgongo na arushe kwa mkono mmoja. Akiwa hatua moja kutoka ringini, anaweza.

"Usishushe mkono, mwanangu, mpaka mpira uguse chini," anasema. Hilo ndilo analolirudia kuliko yote. Mkono uliobaki juu unaonyesha ulikotoka mrusho, na kocha anausoma: kidole cha shahada kinaelekea ringini au kimepotea kando?

Sababu ya kuanzia karibu haihusiani na kumbembeleza mtoto. Mpira wa wanaume wakubwa, namba 7, una uzito wa karibu gramu 600. Ringi iko mita 3.05 kutoka ardhini. Kijana mwembamba wa miaka kumi na mitatu akipelekwa mbali, mwili wake utatafuta nguvu popote utakapoipata: atashusha mpira kiunoni, atapinda mgongo, atatupa kiwiko nje, ataruka mbele badala ya juu. Kila mrusho anaorusha hivyo unamzoesha kosa. Ndiyo maana shirikisho la dunia, FIBA, katika kanuni zake za kikapu cha watoto wadogo, limeshusha ringi hadi mita 2.60, likawapa mpira namba 5 na mstari wa mtupo huru wa mita 4. Hapa ringi ya kushuka haipo, lakini kumsogeza mtoto mbele kunafanya sehemu kubwa ya kazi hiyohiyo.

Kuna pia hesabu ya mnyanyuko wa mpira, ambayo kocha huichora kwa chaki kwenye saruji. Ringi ina kipenyo cha sentimita 45 na mpira takribani 24. Mpira ukishuka wima kutoka juu, mlango ulio mbele yake ni sentimita 45 zote. Ukishuka kwa pembe ya nyuzi 45, mlango unabaki kama sentimita 32, na bado kuna nafasi ya kukosea kidogo. Ukija bapa, kwa nyuzi 30, mlango unakuwa sentimita 22 na nusu, mwembamba kuliko mpira wenyewe, na mpira hauwezi kupita bila kugonga chuma. Vijana wanaitazama michoro hiyo wakiwa wamechuchumaa. Wanaposimama tena, mirusho yao inakwenda juu zaidi, na hakuna aliyewafokea.

Kilichonivutia zaidi ni namna anavyowapokea wasichana. Wengi wao wametoka shule za msingi wakiwa wachezaji wa netiboli, na baadhi walikuwa wafungaji. Mtu asiyejua angewaanzisha upya. Yeye anajua kwamba mlingoti wa netiboli una urefu uleule wa mita 3.05, kwamba ringi yake ni ndogo zaidi, na kwamba hauna ubao wa kusaidia mpira uliopotea njia. Msichana aliyezoea kufunga pale amejifunza mwenyewe kuuanzia mpira juu ya kichwa, kuupandisha sana na kuushusha katikati. Nusu duara ya kufungia netiboli ina mita 4.9, na mstari wa mtupo huru wa kikapu uko mita 4.6 kutoka ubao. Umbali huo mkono wake unaujua tayari.

Basi jioni moja kocha alimtazama msichana wa kidato cha kwanza akirusha na kurusha tena, na hakusema neno. Mkono wa msichana aliuacha kama ulivyo. Akamwambia vitu viwili tu: akunje magoti zaidi, kwa sababu mpira huu ni mzito kuliko ule aliouzoea, na akiwa pembeni alenge kona ya juu ya kile kiboksi kilichochorwa ubaoni. Fundi cherehani mwenye busara hafumui gauni zima kwa sababu ya pindo moja lililovuta, na kocha huyu ana busara hiyo. Kabla hajaongeza kitu kwa mtoto, anatafuta kwanza kilichokwisha kuwa kizuri.

Zipo nyakati ambazo kufumua kote ni lazima, na zinadai uvumilivu mkubwa zaidi. Stephen Curry, ambaye leo anahesabiwa kuwa mrushaji hodari kuliko wote waliopata kucheza NBA, alipokuwa sekondari alirusha kutoka chini, karibu na kiuno, kwa sababu alikuwa mdogo na hana nguvu. Baba yake Dell, naye mchezaji wa NBA aliyesifika kwa kulenga, aliamua wakati wa likizo kumjengea mrusho mpya unaoanzia juu. Kwa majuma kijana alishindwa hata kufunga kutoka mbali kidogo na ringi. Alivumilia, akarudi nyuma hatua kwa hatua. Wanaomwona leo akifunga kutoka karibu na katikati ya uwanja hawaoni majuma yale.

Kocha wetu ana daftari la mistari, la kawaida, lililokunjwa kona. Ndani yake hakuna hesabu ya waliofunga peke yake. Kila kijana ana safu nne: fupi, ndefu, kushoto, kulia. Mrusho ukikosa, mwenzake anayeokota mpira anataja umekosea wapi, na kocha anatia alama. Baada ya siku kadhaa safu zinaanza kusema. Wa fupi mara nyingi ana tatizo la miguu: amechoka au hakunji magoti. Wa kushoto na kulia tatizo lake liko kwenye kiwiko, kwenye kidole gumba au kwenye nyayo zisizotazama ringi. Hapo kocha anajua cha kurekebisha, na anarekebisha kimoja. Kijana hapewi la pili mpaka la kwanza limekaa. Na kabla ya kumwambia, anamuuliza: "Umeona nini?" Mara nyingi kijana analitaja kosa mwenyewe, na kosa ulilolitaja mwenyewe unalikumbuka hata kocha asipokuwepo.

Macho nayo yana somo lake. Mwaka 1996 mtafiti Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, alichapisha utafiti uliopima macho ya wachezaji wakipiga mitupo huru. Waliolenga vizuri zaidi walikuwa wakiyatuliza macho mahali pamoja penye ringi kwa karibu sekunde nzima kabla ya kurusha, wakati wenzao waliyatuliza kwa muda mfupi zaidi. Kwenye ringi isiyo na nyavu, kocha anawaambia vijana wachague ndoano moja ya kufungia nyavu, ile ya mbele katikati, na wasiiache. Ukisimama nyuma ya ringi unaona tofauti usoni: kope hazichezi, mdomo umefungwa, halafu mpira unaondoka.

Hatua moja ikishakaa, vijana wanarudi nyuma, lakini hawapangwi mahali pamoja. Huyu anarusha kutoka kushoto, anahamia kulia, anasogea, anarudi. Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth walionyesha jambo linalounga mkono utaratibu huo. Watoto waliofanya mazoezi ya kutupa vifuko kwenye shabaha kutoka futi 2 na futi 4 walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa futi 3 kuliko watoto waliofanya mazoezi kutoka futi 3 tu. Kubadilisha umbali kunaufundisha mkono kupima. Mchoko ukianza kuvunja mwendo wa mkono, kocha anapuliza kipenga na kufunga zoezi, hata kama jua bado lipo, maana mirusho ya mwisho iliyoharibika ndiyo mwili unaokwenda nayo nyumbani.

Tanzania tunaufahamu mchezo huu zaidi kupitia Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu unaozidi mita 2.2, aliyechaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika usajili wa NBA wa mwaka 2009. Tunastahili kujivunia. Ila sifa ile imewafanya wengi waamini kwamba kikapu ni mchezo wa kutafuta warefu. Urefu hutafutwa, na huwezi kumfundisha mtu kuwa nao. Kulenga kunafundishwa, na kunamfaa mfupi kama kunavyomfaa mrefu. Kwenye mstari wa mtupo huru hakuna mpinzani anayeruka mbele yako, na pointi yake inahesabiwa sawa iwe ni Songea, kwenye michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, au Marekani.

Kwa hiyo tukiulizwa mkoa kama Ruvuma uanzie wapi, mimi ningeanzia kwa walimu wa aina hii. Ukumbi wenye paa utasubiri bajeti, na mvua za masika zitaendelea kukatisha mazoezi hadi hapo. Kumsogeza mtoto karibu na ringi hakungoji bajeti yoyote. Kunahitaji mtu mzima anayekubali kusimama hapo jioni baada ya jioni, anayejua la kusema na lini asiliseme, na anayeamini kwamba mtoto aliye mbele yake anastahili uangalifu wote huo. Shule inayempata mtu kama huyo impe mipira zaidi, impe chaki, imwondolee zamu za jioni, na imwache afanye kazi yake.