Mbuni Haujui Kukataa

Mzee hakukata mara moja. Aliuzunguka mbuni mara mbili, mkasi umelala kiganjani, kisha akainama akauchungulia kwa chini kama mtu anayetafuta tundu la paa linalovuja. Alipokata, alikata tawi moja tu, tena lenye majani mabichi, nami nikashtuka.

"Hilo si lilikuwa zuri, Mzee?"

"Zuri, ndiyo. Linazuia jua," akajibu, akahamia upande wa pili.

Ilikuwa Kangundo, mwezi wa Februari, mavuno makubwa yamekwisha na mvua ya Machi haijanukia. Mimi nilikuwa nimefuata shughuli nyingine kabisa, ya kuonyeshwa ploti katika shamba la jirani yake. Mwenye kupima alichelewa, nikaegemea ua nikamtazama Mzee, na asubuhi ikanipita.

Mbuni haujui kukataa. Ukiachwa peke yake hubeba tunda kila linapoweza kukaa, mwaka ule utajiona tajiri, halafu matawi yakauke kuanzia nchani na mti ukose nguvu ya msimu unaofuata. Kazi ya mkasi ni kuukatalia. Na kwa kuwa tawi halizai tena pale lilipokwisha kuzaa, mpogoaji huangalia kijiti ambacho leo hakina kitu, akahesabu mvua zinazokuja. Machipukizi huota shinani kwa makumi; Mzee huacha mawili, labda matatu. Vijana wa siku hizi, wakipewa kazi hiyo kwa kibarua, hufyeka kwa panga. Hilo nimeliona, na aliyewaajiri alikuwa amekaa kivulini na simu.

Ninachokumbuka zaidi mimi ni maua. Kwa susu yangu, yaani nyanya yangu, ng'ambo ya kilima, vichipukizi vya maua vilikaa kwenye matawi miezi mizima ya kiangazi, vidogo, vimefumba, kama vimeapa. Mvua ya kwanza ikinyesha, tulihesabu siku. Wiki moja na kidogo, kisha asubuhi moja unafungua mlango na mteremko wote umekuwa mweupe, tuta kwa tuta, hadi mtoni. Harufu ile ni ya asumini, ila nzito zaidi, na huingia nyumbani bila hodi: kwenye blanketi, kwenye maziwa, kwenye sare ya shule iliyoanikwa usiku. Susu alitukataza kukimbia kati ya mibuni siku hizo. Nyuki walivuma tangu alfajiri, naye alisimama kwenye tuta la juu, mikono nyuma, hasemi. Siku ya tatu maua yalikuwa ya kahawia, na shamba likarudi kuwa shamba.

Kahawa yenyewe hakuinywa hata siku moja. Alikunywa chai ya maziwa. Kahawa ilikuwa ya karo.

Na haikumjia kwa urahisi. Walowezi waliilima huku Mwafrika akizuiwa. Kwingine milango ilianza kufunguliwa katika miaka ya 1930, Ukambani tukasubiri hadi miaka ya 1950, wakati wa mpango wa kilimo wa Swynnerton. Waliochimba matuta ili udongo usiteremke ndio walioipanda. Baridi kali ilipounguza kahawa ya Brazili mwaka 1975, bei ikapanda, na mabati mapya yakang'aa kwenye vilima hivi vyote. Mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawana soko yakavunjika, bei ikaanguka. Sheria ilikataza kung'oa mbuni bila kibali, basi watu wakapanda maharagwe katikati na kuuacha ufe wenyewe. Siwezi kuwalaumu. Mtu aliyepeleka matunda kiwandani Novemba na kungoja pesa mwaka mzima alikuwa na haki ya kuuchukia mti.

Lakini Mzee hakuuchukia. Mashina yake mengi ni ya SL28, mbegu iliyochaguliwa Kabete katika miaka ya 1930 na inayostahimili ukame, ila ugonjwa wa matunda huimaliza. Badala ya kuyang'oa, ameyakata, akayapachika vikonyo vya Batian, aina iliyotolewa mwaka 2010. Alinionyesha kovu la kiungo kwa kidole gumba. Chini, mizizi iliyopandwa na babaye. Juu, mti wa juzi.

"Wanao wanaijua kazi hii?" nikauliza.

"Wanajua bei ya ploti."

Hakusema kwa uchungu. Alipuliza vumbi kwenye mkasi.

Upande wa pili wa ua, visiki vya mibuni vilikuwa vimelazwa mizizi juu, vimekauka, tayari kuwa kuni. Simu yangu ikalia. Mpimaji alikuwa amefika barabarani, anauliza vigingi aanzie upande gani. Mzee alisikia kila neno. Alikwisha kuufikia mbuni uliofuata, akaanza kuuzunguka.